Mkono wa Kampuni: Historia ya Sahihi katika Usajili wa Biashara Afrika Mashariki

Kampuni haina mkono. Sheria huitambua kuwa mtu kamili, mwenye mali, madeni na haki ya kushtaki, lakini haiwezi kushika kalamu. Kila inachoiambia serikali hakina budi kusemwa na binadamu anayeandika jina lake chini ya hati. Ndiyo maana ofisi za usajili zimeikagua sahihi kwa jicho kali kuliko sehemu nyingine yoyote ya fomu. Anwani ikikosewa hurekebishwa, na mtaji ukibadilika hupelekwa taarifa mpya. Lakini sahihi ikighushiwa, hisa huhama, wakurugenzi huondolewa, na mwenye kampuni huamka asubuhi akiwa si mwenye kampuni tena. Lugha yenyewe inaujua uzito huo. Neno sahihi, lililotoka katika Kiarabu, lilikuwa na maana ya jambo la kweli lisilo na kosa kabla ya kuwa jina la alama ya mkono. Saini, linalotumika zaidi siku hizi, ni neno la Kiingereza lililovaa matamshi ya Kiswahili, wala halibebi dhana hiyo ya ukweli.

Katika miji ya pwani, zamani kabla ya ofisi ya msajili, hati za biashara ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na nguvu yake ilitoka kwa mashahidi. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara inaagiza deni la muda liandikwe na mwandishi mwadilifu, na watu washuhudie. Mahakama za kadhi zilijengwa juu ya msingi huo: karatasi ilikuwa ukumbusho, na ushahidi wenyewe ulikuwa watu waliokuwapo wakasikia. Mfanyabiashara asiyejua kuandika hakuwa na upungufu wowote mbele ya kadhi, maadamu walikuwapo waliomwona akikubali. Umbo la alama aliyoiweka, likiwa jina, muhuri wa pete au mstari mmoja tu, halikuwa na uzito mkubwa.

Karatasi ilipotengwa na mashahidi, madhara yake yalikuwa makubwa. Aliyesoma historia katika shule za Tanzania anaijua habari ya Chifu Mangungo wa Msowero, ambaye mwishoni mwa mwaka 1884 aliweka alama yake kwenye mkataba wa Mjerumani Karl Peters. Mkataba huo, pamoja na mingine iliyokusanywa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami katika safari hiyo moja, uliandikwa kwa Kijerumani. Alama za watawala wasioweza kuyasoma yaliyokuwa juu yake zilipelekwa Berlin, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi kwa maeneo hayo. Juu ya hati hiyo ikajengwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mojawapo ya makampuni ya kwanza ya kisasa kuitawala ardhi ya eneo hili ilizaliwa kwa sahihi ambazo leo hakuna msajili angezipokea: mtia sahihi hakuielewa hati aliyoiwekea alama. Kaskazini mambo yalifanyika kwa utaratibu zaidi. Sultani Barghash alitoa idhini tarehe 24 Mei 1887 kwa jumuiya ya William Mackinnon kusimamia ukanda wake wa pwani kwa miaka 50, na mwaka uliofuata malkia wa Uingereza akaipa jumuiya hiyo hati ya kifalme kuwa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki.

Makampuni hayo yalizaliwa kwa hati za wafalme. Usajili kwa maana ya leo, yaani mtu wa kawaida kupeleka fomu kwa ofisa na kupewa cheti, ulianza Uingereza kwa Sheria ya Makampuni ya Hisa ya mwaka 1844, iliyounda cheo cha msajili. Ulifika Afrika Mashariki kwa kupitia India. Amri ya mwaka 1897 ya serikali ya Uingereza iliagiza sheria za India zitumike katika himaya ya Afrika Mashariki, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Tanganyika nayo ikaletewa sheria za India hadi ilipotunga zake. Sheria ya Makampuni ya Tanganyika ya mwaka 1932, iliyojulikana kwa mawakili wote kama Sura ya 212, iliishi muda mrefu ajabu: ilivuka uhuru, Azimio la Arusha na kurudi kwa soko huria, ikaondoka tu pale Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ilipoanza kutumika mwaka 2006. Kenya ilitumia Sura ya 486, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1948, hadi mwaka 2015.

Sheria hizo zilikuja na adabu nzima ya karatasi. Waanzilishi walitia saini katiba ya kampuni mbele ya shahidi, na shahidi naye akaandika jina, kazi na anwani yake. Wakili au mkurugenzi aliapa kwamba masharti yote yametimizwa, kiapo kikachukuliwa na kamishna wa viapo, naye akalazimika kutaja mahali na tarehe kilipochukuliwa. Kampuni ikishaandikishwa ilikuwa na lakiri yake: chombo cha chuma chenye mkono wa kubonyeza, kinachoacha jina la kampuni limeinuka kwenye karatasi. Jina hilo linatokana na nta iliyoyeyushwa kufungia barua, ingawa nta yenyewe ilikuwa imekwisha kuachwa. Lakiri ilifungiwa kabatini kama fedha, na katiba za makampuni zilitaja nani anaruhusiwa kuitumia na nani ashuhudie inapotumika.

Kwa Waafrika wengi wa wakati wa ukoloni, kukutana na alama ya mkono ya kiserikali hakukuwa katika fomu ya kampuni. Kulikuwa katika kipande. Sheria ya kuandikisha wenyeji ya Kenya ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya vita. Ilimtaka mwanamume Mwafrika achukue cheti chenye alama za vidole vyake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Harry Thuku na wenzake walikipinga waziwazi mapema miaka ya 1920. Ufundi wa alama za vidole nao ulitoka India: mwaka 1858 ofisa William Herschel, akiwa huko Bengal, alimtaka mkandarasi apake wino kiganja na kukigandamiza nyuma ya mkataba ili asije akaukana. Hapo palikuwa na wazo ambalo limerudi kwa nguvu katika zama za kompyuta, yaani kwamba mwili wa mtu unaweza kuwa sahihi yake. Lakini katika kipande wazo hilo lilitumika kumfuatilia mfanyakazi asimtoroke mwajiri, na dole gumba likabaki na harufu ya amri hata pale lilipotumika kwa haki, kama kwenye vitabu vya malipo ya mazao.

Uhuru haukubadilisha utaratibu wa karatasi. Ofisi ya msajili ilikuwa moja, Dar es Salaam kwa Tanzania Bara na Nairobi kwa Kenya, na mfanyabiashara wa Kigoma au Lodwar alikuwa na njia mbili: kusafiri mwenyewe au kumlipa wakili wa mjini. Jina la kampuni lilitafutwa kwa mkono katika madaftari. Fomu zilizokubaliwa ziliingizwa kwenye jalada lililofungwa kwa uzi, na jalada likipotea, historia ya kampuni ilipotea nalo. Udhaifu mkubwa zaidi ulijificha penye dhana ya ushahidi. Msajili hakumwona mtia sahihi. Alichokiona ni wino, na muhuri wa mtu aliyedai kwamba alimwona. Shahidi wa zamani wa kadhi alijulikana mtaani na aliweza kuitwa aulizwe. Shahidi wa fomu aligeuka kuwa muhuri wa mpira. Karatasi zilizosainiwa Mwanza jana zilishuhudiwa Dar es Salaam kesho, na kila mtu alijua.

Wakati huohuo wanahisabati walikuwa wakitafuta jibu la swali jingine kabisa. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha pendekezo la funguo mbili zilizo pacha, mmoja wa siri na mwingine wa wazi. Rivest, Shamir na Adleman wa Massachusetts wakalitengenezea njia inayofanya kazi, iliyochapishwa mwaka 1978. Mtia sahihi huipitisha hati kwenye hesabu inayotoa muhtasari wake mfupi, kisha huufunga muhtasari huo kwa ufunguo wa siri alio nao peke yake. Yeyote mwenye ufunguo wa wazi anaweza kuhakikisha mambo mawili: kwamba aliyefunga ni mwenye ufunguo pacha, na kwamba hakuna hata nukta iliyobadilishwa tangu hapo. Wino haujawahi kuweza hilo la pili. Ukurasa wa tatu wa mkataba wa karatasi unaweza kuchomolewa na mwingine kuingizwa, na sahihi iliyo ukurasa wa mwisho haitajua.

Kati ya ufundi huo na jina lililochapwa chini ya barua pepe kuna umbali mkubwa, na sheria ilibidi iuamue. Jimbo la Utah la Marekani lilitunga sheria ya sahihi za kidijitali mwaka 1995, likiegemea teknolojia hiyo ya funguo pacha. Tume ya Umoja wa Mataifa ya Sheria za Biashara ya Kimataifa ilichagua njia pana zaidi katika sheria zake za mfano, ya mwaka 1996 kuhusu biashara ya kielektroniki na ya mwaka 2001 kuhusu sahihi: kisiangaliwe chombo, iangaliwe kazi. Alama yoyote inayomtambulisha mtu na kuonyesha ridhaa yake inaweza kuwa sahihi, ikiwa inaaminika kwa kadiri ya jambo lenyewe. Agizo la Ulaya la mwaka 1999 likaweka daraja la juu, sahihi ya hali ya juu, yenye sifa nne: iwe ya mtu mmoja tu, imtambulishe, itengenezwe kwa njia aliyo nayo yeye peke yake, na ifungamane na hati kiasi kwamba badiliko lolote lionekane. Sifa hizo nne zilisafiri mbali, na zinasomeka karibu neno kwa neno katika sheria za Afrika Mashariki.

Hapa Afrika Mashariki, mahakama ndizo zilizotangulia. Mwaka 2000, Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu ya Tanzania, ambacho hakikuwa na umri mrefu, kilipokea shauri kati ya Trust Bank na Le-Marsh Enterprises. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, yenye mizizi katika sheria ya India ya mwaka 1872, haikuitambua kompyuta, na hoja ilikuwa kama kumbukumbu za benki zilizotoka kwenye mashine zinaweza kuwa ushahidi. Jaji Nsekela alizikubali, akiona kwamba mahakama haiwezi kuyafumbia macho mabadiliko ya namna watu wanavyofanya biashara. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, na mawakili wa Tanzania wanautaja hadi leo, kwa sababu Bunge lilichukua miaka saba kuugusa ushahidi wa kielektroniki na kumi na mitano kuigusa sahihi yenyewe.

Sheria zikafuatana. Kenya iliingiza sahihi ya kielektroniki mwaka 2009 kwa kurekebisha sheria yake ya mawasiliano, ikiacha nje wosia, hati za fedha zinazohamishika na hati za umiliki. Rwanda ikafuata mwaka 2010, Uganda mwaka 2011. Tanzania ilipitisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki mwaka 2015, sambamba na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Ile ya makosa ilizua mjadala mkali wa umma na kuifunika ya miamala, ambayo ilipita karibu bila kelele ingawa ndiyo iliyogusa mkataba wa kila mfanyabiashara. Ilitamka kwamba sahihi ya kielektroniki inatimiza sharti la sahihi, na ikaeleza ni lini sahihi hiyo ihesabiwe kuwa salama.

Wananchi walikuwa wamekwisha kuitangulia sheria. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tarakimu nne za namba ya siri zikawa ndiyo ridhaa ya kuhamisha mshahara, ada ya shule na mahari. Kwa tafsiri ya kazi, namba hiyo ni sahihi: inamtambulisha mtu na kuonyesha kwamba amekubali. Watu waliofikiriwa kuwa wageni wa teknolojia walitia sahihi za kielektroniki mara kadhaa kwa siku bila kuziita hivyo. Walijifunza pia udhaifu wake, kwa uchungu, kila mzee alipompa wakala simu na namba ya siri amsaidie kutoa pesa.

Ofisi za usajili zilihamia mtandaoni katika mazingira hayo. Kenya ilianzisha eCitizen mwaka 2014, mwaka uliofuata ikatunga Sheria mpya ya Makampuni yenye vifungu zaidi ya 1,000 pamoja na sheria ya kuunda Huduma ya Usajili wa Biashara. Tanzania Bara ilikuwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, tangu mwaka 1999, na mwaka 2018 wakala huo ulianza kupokea maombi kwa mfumo wa mtandao uliofungamanishwa na namba ya kitambulisho cha taifa inayotolewa na NIDA. Malipo yalifanywa kwa simu, na cheti kilipatikana kwenye skrini. Kwa mfanyabiashara wa Kigoma haya yalikuwa mageuzi ya kweli. Nauli na malazi ya Dar es Salaam yaliondoka katika gharama za kuanzisha kampuni, na jina lililotafutwa kwa siku kadhaa likatafutwa kwa dakika.

Sahihi, hata hivyo, haikuhama pamoja na fomu. Mwombaji alijaza taarifa mtandaoni, mfumo ukamtengenezea fomu moja iliyokusanya yote, naye akaipakua na kuichapisha. Wakurugenzi na katibu wakaisaini kwa kalamu. Wakili akaishuhudia na kugonga muhuri. Kisha karatasi ikaingizwa kwenye skana, ikageuzwa picha na kurudishwa ilikotoka. Kenya ilifuata mzunguko kama huo katika fomu zake za kuandikisha kampuni. Steshenari za mijini zikawa sehemu ya mfumo wa usajili bila kutajwa na sheria yoyote, na skana zikawa na foleni.

Njia hii ya kati ilikuwa na sababu yake. Sheria za makampuni bado zilidai shahidi wa sahihi za katiba na kiapo mbele ya kamishna, na kiapo kilidhaniwa kuwa cha ana kwa ana. Funguo za siri zinahitaji mamlaka ya kuthibitisha ni za nani, zinahitaji kadi au kifaa cha kuzihifadhi, na mtu wa kawaida hakuwa navyo. Estonia ndiyo inayoonyesha upande wa pili: ilipitisha sheria ya sahihi za kidijitali mwaka 2000, ikaanza kutoa vitambulisho vyenye funguo ndani yake mwaka 2002, na kufikia mwaka 2007 waanzilishi waliweza kuandikisha kampuni nzima mtandaoni bila karatasi hata moja. Kitambulisho kilitangulia, sahihi ikafuata, usajili ukaja mwisho. Afrika Mashariki ilianza na usajili, na ndiyo maana kalamu ilibaki katikati ya mfumo wa kompyuta.

Picha ya sahihi, licha ya kupitia mtandaoni, ni dhaifu kuliko wazazi wake wote wawili. Haina mgandamizo wa kalamu ambao mtaalamu wa maandishi huuchunguza katika wino, wala haina hesabu inayofichua hati iliyochezewa. Picha hiyohiyo inaweza kukatwa katika fomu ya mwaka jana na kubandikwa katika azimio la kumwondoa mkurugenzi mwaka huu. Kinachoilinda hasa ni kumbukumbu za mfumo: akaunti ipi iliingia, saa ngapi, kwa namba ya kitambulisho ya nani. Kwa maana hiyo sahihi halisi ya maombi ya mtandaoni ni nywila iliyofungua akaunti, na picha ya wino ni pambo lililowekwa kwa heshima ya sheria ya zamani. Nywila hiyo mara nyingi huundwa na kijana wa steshenari, ikaandikwa kwenye daftari lake, pamoja na barua pepe ambayo mwenye kampuni hajawahi kuifungua.

Kenya ilichukua hatua ndefu zaidi mwaka 2020. Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ilitiwa saini na rais tarehe 18 Machi, siku tano baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya kurahisisha biashara, si kwa ajili ya maradhi, lakini ilifika siku zilezile watu walipoanza kuogopa kupeana kalamu. Iliingiza sahihi ya kielektroniki ya hali ya juu katika Sheria ya Mikataba, katika sheria za ardhi na za kuandikisha hati, na ikalegeza masharti ya lakiri ya kampuni. Chombo kile cha chuma, kilichokuwa kimedumu kuliko nta iliyokipa jina, kikapoteza ulazima wake.

Maswali ya kushuhudia hayakwisha kwa marekebisho hayo. Je, shahidi anayemwona mtia sahihi kwenye skrini yupo mbele yake? Kamishna wa viapo aandike ni wapi kiapo kilichukuliwa, ikiwa muapaji yuko Muscat na yeye yuko Tanga? Makampuni yenye wanahisa ughaibuni hukutana na maswali haya kila yanapobadilisha mkurugenzi au kutangaza wamiliki manufaa, yaani watu wanaonufaika hasa na kampuni, ambao Kenya na Tanzania sasa zinadai waandikishwe. Jibu la hesabu lipo tangu miaka ya 1970. Kinachosubiriwa ni sheria kusema wazi ni nani anayechukua nafasi ya watu waliokuwa wakikaa mbele ya kadhi.

Hadi hapo, karatasi iliyosainiwa kwa wino ndiyo asili, na ile iliyo mtandaoni ni nakala yake. Mwenye kampuni aitunze fomu aliyoisaini hata baada ya cheti kutoka, na abadilishe mwenyewe nywila ya akaunti siku anayokabidhiwa, kwa barua pepe iliyo yake.